Majuma Saba ya Isale

Shamba la Lodi Ashmere,
Usa River.
4 Septemba, 1950.

Dada yangu mpendwa Aikande,

Mpe Baba Mkubwa Ephraimu shikamoo yangu kabla hujamsomea lolote. Mwambie nakula vizuri na viatu alivyoninunulia bado vizima.

Unauliza kazi yangu ni nini hasa, maana huko nyumbani watu wanasema napima kahawa. Kahawa naiona dirishani tu. Bwana Lodi anaandika kitabu cha maisha yake, naye haandiki kwa mkono. Anatembea chumbani akisema, nami napiga taipu, karatasi mbili na kaboni katikati. Nakala ya juu ni yake, ya chini inakaa kwenye faili.

Kwa hiyo nayajua maisha yake kuliko ya marehemu baba yetu. Alizaliwa katika nyumba yenye madirisha mia moja na kumi. Alipokuwa na miaka minane walimpeleka shule ya mbali, wavulana wakubwa wakampiga kila Jumapili. Mwaka 1916 alipita hapahapa na farasi akiwafukuza Wajerumani. Baadaye akawa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ya Arusha, kisha wakampeleka kutawala kisiwa kimoja ambacho watu wake hajawataja hata mmoja kwa jina. Akakaa miaka kadhaa katika Baraza la Malodi huko kwao, ambako anasema wazee husinzia wamekaa na hakuna anayewacheka. Miaka mitatu iliyopita alirudi hapa. Sasa yumo katika baraza la Gavana, na ni mwenyekiti wa kamati ya kugawa upya mashamba ya upande wa mlima.

Kamati hiyo ndiyo inayonitia hofu. Siku aliyoniajiri aliniuliza, “Kwenu wapi?” Nikajibu, Makumira. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu mama mkwe wake ana kihamba chake cha migomba Nkoasari, na Nkoasari ndiyo inayobishaniwa. Nimetia sahihi karatasi ya siri pia. Nikitoa neno la ofisini, ni kifungo. Tafadhali, juu ya bahasha usiandike Nkoasari. Andika jina langu na “kwa duka la Mahendra, Usa River” basi. Mahendra atanitunzia.

Ndimi mdogo wako,
Elirehema.


Nkoasari.
17 Septemba, 1950.

Mdogo wangu wa Makumira,

Tangu lini? Mama aliyekuzaa hapa chini ya migomba, mvua ikinyesha, angekusikia angecheka kwanza kisha angekuchapa. Baba Mkubwa hakucheka. Alisema, “Mwambie asije akaisahau njia ya huku.” Kisha akauliza kama Lodi bado anavaa kofia ile ya manyoya ya mbuni. Wanafahamiana hao, usisahau.

Sasa sikiliza, kuna jambo. Tarehe kumi na moja walikuja wapimaji na askari wanne. Wakapiga vigingi kutoka kijito mpaka nyuma ya kanisa. Darasa langu la watoto sasa liko upande mmoja na choo chake upande mwingine. Siku ya tatu, Koikai na vijana wenzake waliving'oa vyote na kuvichemshia chai. Unamjua Koikai. Baba Mkubwa alipomgombeza mwanawe huyo alijibiwa, “Baba, vigingi vya serikali vinawaka kuliko mti wowote. Ningejua ningeomba walete zaidi.”

Wazee hawakufurahi. Walikuwa wamekwisha kumwahidi Bwana Shauri wa sasa kwamba hakuna mkono utakaogusa kitu kabla ya mazungumzo. Kwa hiyo wamekaa siku mbili, wamekata shauri: wanapeleka isale, jani letu la kuombea radhi, kwa Lodi. Baba Mkubwa amekata jani mwenyewe pale kwenye kaburi la babu, amelifunga fundo, nami nimelizungushia jani la mgomba lisinyauke. Balwant Singh atakuletea na lori lake pamoja na barua hii.

Wewe uko chumba kimoja na Lodi. Mpe kwa mikono miwili. Sema: Ephraimu Sumari na wazee wa Nkoasari wanaomba radhi kwa ajili ya vigingi, na wanaomba mkae mzungumze juu ya mpaka. Maneno hayo tu. Lodi anajua maana yake. Alipokuwa Bwana Shauri aliwahi kuletewa.

Na unajua desturi ya ukoo wetu. Aliyetuma isale haondoki nyumbani mpaka jibu lije, wala watu wake, wala mifugo yake. Mlango wake haufungwi mchana. Tumeanza kungoja leo.

Dada yako,
Aikande.


Usa River.
24 Septemba, 1950.

Dada mpendwa,

Mzigo ulifika Jumanne tarehe kumi na tisa. Balwant aliuleta mwenyewe mpaka barazani kwa Mahendra, akaniambia mbele ya watu, “Karani, siku hizi kwenu mnatumiana mboga kwa lori?” Mahendra akasema labda ni mchicha wa posa. Nilicheka nao.

Uliloniagiza, usiwe na wasiwasi. Iko ofisini kwa Lodi, mahali penye heshima. Mambo ya wakubwa hayaendi mbio.

Juzi tulifika mwaka 1926 katika kitabu. Lodi alisimulia jinsi kijana mmoja alivyomjeruhi askari kwa mkuki, naye akaagiza achapwe hadharani, kisha mzee mmoja wa mlimani akaja na isale, akasimama mbele yake pasipo neno. Lodi akamfungulia kijana. Alipofika hapo alisimama dirishani muda mrefu. Akasema, “Andika: saa ile niliwaelewa watu hawa, na wao wakanielewa mimi.” Nilikosea herufi tatu katika mstari huo mmoja, jambo ambalo halijanitokea tangu nimalize shule. Aliuliza kama naumwa. Nikasema ni jua.

Msalimie Baba Mkubwa. Waambie wote wakae kwa amani.

Elirehema.


Nkoasari.
8 Oktoba, 1950.

Mdogo wangu,

Barua yako imesomwa mara nne. Mara ya kwanza jikoni, ya pili barazani, ya tatu kwa wazee waliochelewa, ya nne kwa sababu Baba Mkubwa alitaka kusikia tena pale penye “mahali penye heshima.” Akasema, “Kumbe yule mtu hajabadilika.” Wanaume wazima walisimama wakapeana mikono.

Kimya cha Lodi hakiwasumbui. Wanasema mtu mzima akipokea isale hajibu upesi kama muuza sokoni. Anaitazama kwanza. Tangu hapo wapimaji hawajarudi, na kila asubuhi isiyo na wapimaji wazee wanaihesabia kuwa ni jibu linalokuja polepole.

Kidonda cha mguu wa Baba Mkubwa kimefunguka tena. Nilimwomba aende kwa daktari wa misheni. “Nimetuma isale halafu nionekane njiani?” ndivyo alivyonijibu. Tekla, mke wa Koikai, naye alitaka kwenda kujifungulia kwa mama yake Tengeru. Tumbo limekwisha kushuka. Koikai alitaka kumpeleka kwa siri, Tekla mwenyewe akakataa. Alisema, “Nyie mlipika chai, mimi nisipike balaa.” Tulicheka mpaka Baba Mkubwa akauliza kuna nini.

Ulimpa kwa maneno yaleyale? Nataka tu kujua alivyoonekana usoni.

Aikande.


Usa River.
20 Oktoba, 1950.

Dada mpendwa,

Samahani nimekawia. Wageni wamekuwa wengi hapa: watu wa ramani, mkubwa mmoja wa polisi, na Mzungu mmoja mwembamba anayepanga malori. Kitabu kimewekwa kando. Juma hili nimepiga taipu vitu vingine ambavyo siwezi kuviandika hapa. Chakula narudisha jikoni kama kilivyokuja. Lakini sina homa.

Nimefikiri jambo. Shangazi Pudensiana wa Makumira hajamwona Baba Mkubwa tangu Pasaka. Mwezi ujao, kabla ya tarehe kumi na tano, ungekuwa wakati mzuri wa kumtembelea. Si yeye peke yake, wote. Tekla aende kwao. Vitu vizito kama sanduku la Mama na kengele ya darasa lako vinaweza kutunzwa kwa Shangazi. Mvua za vuli zitakuwa kali na paa lenu linavuja. Ng'ombe pia wangepata malisho huko chini.

Mahendra anasema kuanzia tarehe kumi Balwant hatapatikana. Lori lake limechukuliwa na serikali pamoja na mengine, wala hajaambiwa atabeba nini.

Nakuomba, dada. Sijawahi kukuomba kitu tangu niondoke.

Elirehema.


Nkoasari.
29 Oktoba, 1950.

Elirehema,

Paa gani linavuja? Tumeezeka Julai.

Nilimsomea Baba Mkubwa barua yako yote. Aliposikia habari ya malisho alisema, “Huyu mtoto amekaa na mashine mpaka amesahau ng'ombe wanakula nini.” Koikai akasema umepata mchumba Makumira na unataka tukuletee ukoo mzima. Lakini walipotoka, Baba Mkubwa aliniita, akanikalisha, akanituma nikuulize neno moja: Lodi aliipokea isale kwa mikono miwili, au kwa mkono mmoja?

Mkono mmoja una maana nyingine. Akiipokea kwa mkono mmoja, wazee wako huru kuondoka, kuhamisha mifugo, kutafuta njia nyingine. Mikono miwili, tunakaa. Isipopokelewa kabisa ikarudishwa, hilo nalo ni jibu. Ni sisi tunaojua la kufanya kwa kila jibu, Elirehema. Kazi yako ni kutuambia lipi.

Kama kuna neno, liseme. Mimi ndiye ninayesoma, siyo polisi.

Aikande.


Usa River.
9 Novemba, 1950.

Dada,

Mikono miwili.

Lakini msikae. Nisikilize mpaka mwisho, kisha choma barua hii.

Aliichukua kwa mikono miwili, akaigeuza, akalitazama fundo. “Nani amekupa?” Nikasema wazee wa Nkoasari wameileta kwa lori la Singasinga. Nikasema maneno niliyoagizwa, ya vigingi na ya kuzungumza mpaka. Akatabasamu. Alionekana kama mtu aliyepata barua kutoka kwa rafiki wa zamani. Nikadhani Mungu amesikia. Akaiweka juu ya meza, karibu na picha ya mkewe, akaenda dirishani.

Akasema, “Weka karatasi. Barua kwa kamati.”

Nikaweka.

“Wazee wa Nkoasari, kwa ishara yao kuu ya toba, wamekiri kwamba wametenda kosa dhidi ya mpaka uliowekwa. Mtu haombi radhi kwa ajili ya kitu kilicho chake. Kwa hiyo naona hakuna dai lililobaki.”

Vidole vyangu vilisimama. Akauliza bila kugeuka, “Mashine ina tatizo?” Nikasema, “Hapana, Bwana.” Nikaendelea.

Watakuja Ijumaa tarehe kumi na saba, alfajiri. Malori kumi na moja, askari sitini. Amri imekwisha kutiwa sahihi. Mtapelekwa Ngirisa, kule uwandani kwenye mbung'o. Nyumba zitachomwa ili mtu asirudi. Ondokeni sasa, kwa miguu, na ng'ombe. Mwambie Baba Mkubwa hata kama ni mikono miwili, aondoke.

Lori la Balwant linaondoka kesho kwenda kwa serikali. Ameapa atakufikishia barua hii kwanza.

E.


Kambi ya Ngirisa.
26 Novemba, 1950.

Elirehema,

Barua yako ya tarehe tisa ilinifikia. Balwant alinipa mkononi tarehe kumi na saba, saa moja asubuhi, akiwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa lori lake akipakia vyungu vyetu. Walimfungia lori uwanjani tangu tarehe kumi, na yeye pamoja nalo. Kilemba chake kilikuwa kimejaa majivu. Alisema, “Dada, nisamehe, nisamehe,” huku akipokea sanduku la Mama. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, na nyumba ya Baba Mkubwa inawaka mbele yangu.

Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda chake. Mlango wazi, kama desturi. Afisa alipomwambia ainuke alisema kwa Kiswahili, “Nangoja jibu la Lodi.” Afisa akamwambia, “Hili ndilo jibu, mzee.” Askari wawili walimbeba na kigoda chake. Hakupigana. Koikai ndiye aliyepigana, sasa ana mkono mmoja unaofanya kazi.

Tekla alijifungua njiani, lori linakwenda. Mtoto wa kiume. Hapa usiku kuna upepo na hatuna kuta bado. Aliishi siku tatu. Baba Mkubwa alimpa jina la baba yetu kabla hajafa.

Sasa wazee wanaandika malalamiko. Yatakwenda mbali, ng'ambo, kwenye lile baraza kubwa la mataifa ambalo serikali inalitolea hesabu ya nchi hii. Mwalimu mmoja wa misheni anawaandikia Kiingereza. Neno lao kubwa ni hili: Lodi alipokea isale mwezi wa Septemba kwa mikono miwili, akanyamaza majuma manane, akatufunga nyumbani kwa desturi yetu wenyewe anayoijua, kisha akaleta malori. Baba Mkubwa anasema hakuna Mzungu wala Mwafrika atakayesikia hilo asione aibu. Watatia vidole gumba Jumamosi tarehe kumi na sita Desemba.

Wanahitaji shahidi aliyeitoa. Andika tarehe, andika maneno uliyosema, tia sahihi. Najua utapoteza kazi. Baba Mkubwa anasema kazi itapatikana nyingine.

Aikande.


Dar es Salaam.
30 Novemba, 1950.

Kwa Karani Elirehema Sumari.

Salamu. Mimi nipo hapa kwa sababu ya Baraza na afya yangu ni njema. Nakuandikia Kiswahili kama ilivyo kawaida yangu kwa watu wa nchi hii, ingawa najua Kiingereza unakijua.

Nimepata habari kwamba wazee wa Nkoasari wanatunga malalamiko. Habari hiyo inasema nilipewa isale mwezi wa Septemba. Wewe na mimi tunajua tarehe. Jani ulilonipa lilikuwa kavu, na kwenye fundo lilikuwa limevunjika. Mimi nilikaa mlimani kabla wewe hujazaliwa. Isale mbichi naijua. Sikukuuliza ilikuwa imekaa wapi, kwa kuwa haikuwa lazima.

Kadhalika nilijua siku ya kwanza kwamba Makumira si kwenu. Karani wa kwanza alikuwa hodari, lakini hakuwa na hofu, akafikiri anaweza kunitazama usoni. Wewe ulikuwa na hofu, nami nikakuchukua. Sijajuta.

Nitarudi tarehe 18 Desemba. Siku hiyo utaandika kwa mkono wako kwamba ulinipa isale tarehe 9 Novemba, wala si kabla, na utatia sahihi. Karatasi hiyo itafuatana na majibu yangu popote malalamiko yatakapokwenda. Ni kweli tupu, kwa hiyo dhamiri yako haitasumbuka. Utaendelea na kazi mpaka kitabu kiishe. Imebaki sura moja.

Ashmere.


Usa River.
6 Desemba, 1950.

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua hii ni yako, ingawa Dada Aikande ndiye atakayeisoma. Naomba Koikai na Tekla wawepo.

Isale yako ilinifikia tarehe kumi na tisa Septemba, mbichi. Sikumpa Lodi siku ile, wala siku iliyofuata. Niliiweka kwenye mtoto wa meza yangu, chini ya karatasi za kaboni. Nilisema nitaitoa kesho. Ningeitoa, angeuliza inanihusu nini, na angejua mimi ni wa wapi. Niliogopa kufukuzwa. Kisha ile barua ya Oktoba ikaja, mnapeana mikono, nikaogopa zaidi kusema kuliko kunyamaza.

Nilipoandika kwamba iko ofisini kwa Lodi mahali penye heshima, nilichagua kila neno ili nisiseme uongo na ninyi msijue ukweli. Nimesomeshwa vizuri, Baba Mkubwa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya na elimu uliyonipa.

Amri ya kuwahamisha niliipiga taipu tarehe kumi na nane Oktoba. Usiku na mchana nilijua. Nikatunga habari ya paa na ya malisho. Mlikuwa mmefungwa nyumbani na jani lililokuwa kwenye meza yangu. Ningeandika mstari mmoja tu, kwamba halijapokelewa, mngekuwa huru. Dada alinieleza hivyo kwa maandishi, na bado sikuuandika.

Nilimpa Lodi tarehe tisa Novemba, asubuhi. Aligeuza maneno yako, kama nilivyokwisha kueleza. Lakini majuma yote saba yaliyotangulia ni yangu.

Tekla, nimejaribu kukuandikia wewe. Nimeanza mistari mingi nimeichana.

Msiandike kwamba Lodi alinyamaza tangu Septemba. Atawaumbua kwa sahihi yangu mwenyewe, amekwisha kuniagiza niitie akirudi kutoka Dar es Salaam tarehe kumi na nane.

Elirehema.


Kambi ya Ngirisa.
10 Desemba, 1950.

Mdogo wangu,

Mwalimu aliileta barua yako jana baada ya ibada. Watu wote walikuwa wamekaa. Baba Mkubwa mguu wake umenyooshwa juu ya gunia, Koikai, Tekla, na wazee wanne waliokuja kwa sababu walisikia shahidi amejibu. Nilifungua. Nilisoma kwa sauti, “Shikamoo Baba Mkubwa,” naye akaitika, “Marahaba, mwanangu.” Kisha macho yangu yakatangulia mdomo.

Nilikohoa. Nikasema mwandiko wako umekuwa mbaya. Nikasoma barua nyingine, ambayo hukuiandika. Nilisoma kwamba uliitoa tarehe kumi na tisa Septemba, kwa mikono miwili, kwa maneno yaleyale, na kwamba uko tayari kutia sahihi. Nilifika mpaka chini ya ukurasa nikageuza, nikasoma upande wa pili ambao haukuwa na kitu.

Baba Mkubwa alijitemea mate kifuani kukubariki. Koikai alisema, “Mimi nilimdhania mwoga.” Tekla aliniangalia tu. Sijui kama aliona ule upande mtupu.

Tangu jana sijalala. Nina hasira nawe ambayo sitaimaliza kwa barua. Lakini huyu mzee amebakiwa na mambo mawili: hilo neno lake, na wewe. Mjukuu amekwisha kuzikwa, nyumba imekwisha. Nikimsomea ulichoandika ninamwondolea vyote viwili kwa dakika moja. Basi sasa tuko wawili katika hili.

Usitie sahihi karatasi ya Lodi. Kimbia kabla hajarudi. Nenda Nairobi, nenda popote, akikukosa atabaki na neno lake dhidi ya neno la wazee. Usirudi huku. Nitamwambia umepata kazi mbali, nami nitakuwa namsomea barua zako, hata usipoandika.

Aikande.


Usa River.
13 Desemba, 1950.

Dada mpendwa,

Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wa kwenda Nairobi barua yako ilipofika. Nimeufungua.

Nikikimbia, Lodi atasema nimekimbia kwa sababu wazee walinilazimisha kusema uongo. Atakuwa na ile tarehe, ataipata kwa njia yake. Siku hiyo Baba Mkubwa atasomewa na mgeni, mbele ya watu, kwamba alitia kidole kwenye jambo lisilo kweli. Na atakutazama wewe uliyemsomea.

Nimeingia kwenye faili. Nimechukua nakala ya kaboni ya amri, ina tarehe kumi na nane Oktoba juu yake. Nimechukua na ya barua ile ya tarehe tisa Novemba, anayosema wazee wamekiri. Ukiziweka pamoja mtu yeyote anaona kwamba malori yaliagizwa kwanza na toba ikatafutwa baadaye. Neno hilo ni la kweli na linatosha, halihitaji Septemba. Lakini haliwezi kuandikwa mpaka wazee wajue isale ilikuwa wapi. Nimevunja ile karatasi ya siri, na huu ni wizi pia. Nimeona heri nikamatwe nikiwa nimekwisha kuzifikisha.

Balwant anasema hawezi kulipeleka lori lake Ngirisa tena, hata nimlipe. Atanishusha kwenye daraja, kutoka hapo nitatembea. Barua hii inatangulia kwa mkono wa mwalimu wa misheni; mimi nadhani nitafika Ijumaa jioni, kabla hawajatia vidole.

Usimsomee chochote tena. Ile barua yangu usiichome, nitaihitaji, maana sitaweza kuyasema tena nisipokuwa na karatasi mbele yangu. Mwambie Baba Mkubwa tu kwamba nakuja na kwamba safari hii nitasoma mwenyewe. Waite wazee wale wanne. Tekla akae mahali atakapotaka, hata nje.

Na Koikai, kama atataka kunipiga, umwombe angoje nimalize kusoma.

Elirehema.